Kilima Kisicho na Sifa Nacho Kina Mwongozaji Wake

Wanaofika ofisini kwetu kuulizia kupanda milima ya Uganda huanza na urefu. Margherita, kilele cha Rwenzori, ni mita 5,109, na kwa Afrika kinatanguliwa na Kilimanjaro na Mlima Kenya tu. Wagagai kule Elgon ni mita 4,321, na Muhabura kule Kisoro 4,127. Kisha mtu anaangalia Moroto kule Karamoja, kaskazini-mashariki, wenye mita 3,083, au ukingo wa Wanale unaouona ukiwa mjini Mbale, anasema: huo mdogo, nitapanda mwenyewe, kijana wa boda atanionyesha pa kuanzia.

Hapo ndipo tunapobishana naye. Rwenzori ni hifadhi ya taifa tangu 1991. Kuna lango, daftari la kuandikisha majina, vibanda vya kulala, mbao zilizotandazwa juu ya matope, na hupiti bila mwongozaji. Wengine wamekwisha kufikiri kwa niaba yako kabla hujafunga kamba za viatu. Kwenye mlima usio na wageni, kazi hiyo yote imo kichwani mwa mtu mmoja anayetembea mbele yako, na ukimwacha nyumbani umeiacha yote.

Chukua Moroto. Sehemu za chini, njia ni za ng'ombe na mbuzi, na mifugo haina haja na kilele. Inafuata majani na maji. Ndiyo maana njia pana, iliyokanyagwa vizuri, mara nyingi ndiyo inayokupoteza, na ile nyembamba inayopenya vichakani ndiyo ya kupanda. Mwenyeji hasiti pale panapogawanyika. Anajua pia kwamba mito mingi ya Karamoja ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo kabla ya kuondoka atakagua chupa zako. Mtu mzima asipande huko na maji chini ya lita tatu. Na atakupitisha kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na wazee, kwa sababu juu kule kuna makazi ya Watepeth, wenyeji wa mlima huo, na hali ya usalama ya wiki hiyo wanaijua wao kuliko mtu wa Kampala. Kiswahili kitakusaidia sana sokoni Mbale na mjini Moroto. Mlimani utahitaji mtu wa kukutafsiria, na heshima ya salamu.

Hatari inayodharauliwa kuliko zote ni hewa nyepesi. Mtu analala Kampala, kwenye mita 1,200 hivi. Kesho yake yuko Kisoro, karibu mita 1,900. Keshokutwa alfajiri anaanza Muhabura, na mchana anataka awe kwenye mita 4,127. Mwili haujapata nafasi ya kuzoea. Kuanzia mita 2,500 hivi kichwa kinaweza kuanza kugonga, chakula kikakuchukiza, kichefuchefu kikaja. Dalili hizo zikitokea, usiendelee kupanda. Mwenzenu akianza kuyumba kama mlevi, kuongea ovyo, au kuhema akiwa ameketi, ashushwe mara moja, hata kama ni usiku. Dawa ya maumivu itatuliza kichwa tu, haitaondoa kilichokisababisha. Mazoezi hayakingi pia; mchezaji wa mpira huugua kama karani, na pengine mapema zaidi maana anakimbilia mbele.

Kwa safari za siku kadhaa, kama Elgon kupitia Budadiri, ukishavuka mita 3,000 usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulipolala jana. Kwa Muhabura, unaopandwa na kushukwa siku moja, kubalianeni asubuhi saa ya kugeuka. Ikifika saa saba mchana kilele bado, mnageuka, hata kikiwa kinaonekana.

Kuhusu mvua nitasema machache. Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti, ndiyo miezi yenye nafuu, ingawa Rwenzori hunyeshewa wakati wowote na gambuti haziepukiki. Machi 2010 udongo uliporomoka Nametsi, Bududa, kwenye miteremko ya Elgon, na kufukia watu. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika Kilembe, chini ya Rwenzori. Yote mawili yalitokea msimu wa masika. Mwongozaji akikwambia mteremko umelowa na hapiti, usimwongezee pesa ili apite.

Tukija kwenye pesa: malipo yaafikiwe kabla, na yawe ya siku, si ya kilele. Anayejua kwamba bahasha yake inategemea picha yako ya kileleni atasita kukurudisha hata akiona midomo yako imegeuka rangi. Mwambieni mbele ya kundi zima kwamba mkigeukia njiani anapata kile kile. Mtazameni na mpagazi: kama hana koti la mvua wala viatu vya maana, hilo limalizwe dukani kabla ya kupanda, kwa sababu baridi ya mita 4,000 haimjui mgeni wala mwenyeji.