Kabla ya kusifia ufaulu, tuwahesabu watoto waliofanya mtihani

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, kuanzia Tandahimba, Mtwara, hadi Liwale, Lindi, swali la kwanza la wazazi ni moja: shule yetu imekuwa ya ngapi? Ni swali la haki. Watoto ni wetu, na kodi yetu ndiyo inayolipa mishahara ya walimu. Ila nafasi ya shule haimwambii mzazi kila kitu, na wakati mwingine inaficha jambo zito: watoto ambao hawakuingia kabisa kwenye chumba cha mtihani.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukulia shule ina watoto 40 wa darasa la saba, wakafaulu 20. Ufaulu ni asilimia 50. Sasa chukulia watoto 10 wanaosoma kwa shida hawakuonekana siku ya mtihani. Waliofaulu ni walewale 20, lakini waliofanya mtihani ni 30, na ufaulu umepanda hadi asilimia 67. Hakuna aliyejifunza hata herufi moja zaidi, na shule imepanda. Ni kama mkulima apeleke ghalani korosho za daraja la kwanza peke yake, nyingine aziache chini ya mikorosho, halafu atangaze kwamba shamba lake lote linatoa daraja la kwanza.

Jambo hili limechunguzwa hapahapa Tanzania. Chini ya mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioanza mwaka 2013, shule za msingi zilipangwa kwa matokeo ya darasa la saba, na nafasi ya kila shule ikatangazwa kitaifa na ndani ya wilaya yake. Wachumi watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walizifuatilia takwimu hizo nchi nzima na kuchapisha utafiti wao mwaka 2021. Njia yao naipenda. Shule mbili zinaweza kuwa na wastani uleule, moja ikawa ya mkiani kwa sababu iko katika wilaya yenye shule nzuri, nyingine ikawa ya katikati katika wilaya yake. Tofauti ya mwenendo wa shule kama hizo ndiyo inayoonyesha shinikizo la kuwa mkiani linafanya nini.

Lilifanya mambo mawili. Ufaulu wa shule za chini kabisa katika wilaya zao ulipanda. Wakati huohuo, shule hizo zilipunguza watoto wa darasa la mwisho, yaani baadhi waliachwa nje ili wasishushe wastani. Wanaopenda upangaji wa shule hutaja la kwanza, wanaoupinga hutaja la pili. Yote mawili ni kweli, na sera nzuri lazima iyabebe yote mawili.

Wala si udhaifu wa Watanzania. Huko Florida, Marekani, mchumi David Figlio aligundua kwamba msimu wa mitihani ukikaribia, shule zilikuwa zikiwasimamisha masomo kwa muda mrefu zaidi watoto wenye alama za chini kuliko wenzao waliofanya kosa kama lao. Chicago nako, Brian Jacob na Steven Levitt walionyesha mwaka 2003 kwamba kila mwaka, katika angalau asilimia 4 hadi 5 ya madarasa ya shule za msingi, mwalimu au msimamizi alichezea majibu ya wanafunzi.

Kwetu Mtwara na Lindi hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu maelezo yapo tayari. Mtihani hufanyika Septemba, korosho nazo zinaanza kuanguka. Mtoto asipoonekana, tunasema kaenda shamba na wazazi wake, au ni mtoro, basi. Mara nyingi ni kweli. Lakini mtoto aliyeambiwa kwa upole kwamba akapumzike nyumbani, na mtoto aliyekwenda kuokota korosho, wote huandikwa hayupo. Daftari la mahudhurio haliwatofautishi. Kijijini, penye shule moja, mzazi hana pa kumhamishia mwanawe, kwa hiyo shinikizo kwa mwalimu mkuu linatoka kwa wakubwa wake, na wakubwa wanaangalia asilimia.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora. Naliunga mkono. Lakini kulinganisha shule hakujaisha, na sitaki kuishe: mzazi akinyimwa taarifa, anayenufaika si mtoto. Ninachotaka ni kipimo kinachomhesabu kila mtoto aliyeandikishwa, awepo au asiwepo.

Na tusimdai mwalimu matokeo huku tumemwacha mikono mitupu. Katika KiuFunza, jaribio la kitafiti lililofanyika katika shule za msingi za Tanzania mwaka 2013 na 2014, lililohusisha shule 350 katika wilaya 10, shule zilizopewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mtoto peke yake hazikuonyesha mabadiliko ya maana katika kujifunza. Bonasi ya mwalimu kwa kila mtoto anayefaulu, peke yake, ilileta matokeo ya kusuasua. Vilipounganishwa, watoto walijifunza zaidi. Fedha bila uwajibikaji hazikutosha, na uwajibikaji bila fedha haukutosha.

Sasa, mzazi au mjumbe wa kamati ya shule anaweza kufanya nini? Tovuti ya Baraza la Mitihani huonyesha matokeo ya kila shule, ya darasa la nne na ya darasa la saba. Tafuta idadi ya waliofanya upimaji wa darasa la nne miaka mitatu nyuma, uiweke pembeni ya waliofanya darasa la saba mwaka huu. Waliofanya la nne mwaka 2021, kwa mfano, walitarajiwa kufanya la saba mwaka 2024. Namba hazitalingana kamili, kwani wapo waliohama na waliokariri darasa. Pengo dogo lisikusumbue. Pengo la theluthi moja ya darasa lilete kwenye mkutano wa shule, na umwombe mwalimu mkuu, kwa heshima zote, akueleze mtoto mmojammoja yuko wapi.