Hisabati Wakati wa Likizo: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Likizo ni ya kupumzika, kwa hiyo hisabati isubiri shule zifunguliwe.

Mtoto anastahili kupumzika, na hilo halina mjadala. Hata hivyo, Harris Cooper na wenzake nchini Marekani, waliopitia tafiti 39 na kuchapisha matokeo yao mwaka 1996, walibaini kwamba likizo ndefu ya kiangazi iliwarudisha wanafunzi nyuma kwa wastani wa takribani mwezi mmoja wa masomo, na kwamba hisabati iliathirika kuliko kusoma. Maneno yaliyoandikwa mtoto huyakuta kila mahali, lakini kuzidisha na kugawanya husahaulika visipotumiwa. Robo saa ya mchezo wa namba kwa siku haimnyimi mapumziko yake.

Dhana: Mchezo ni burudani tu, anayetaka mtoto ajifunze ampe karatasi ya maswali.

Geetha Ramani na Robert Siegler walilipima jambo hili kwa watoto wa chekechea wa familia zenye kipato cha chini, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Kundi moja lilicheza kwenye ubao wenye visanduku vilivyopangwa kwa mstari kuanzia 1 hadi 10, na jingine kwenye ubao wa rangi usio na namba. Baada ya vipindi vinne vifupi, waliocheza na namba walikuwa wameendelea katika kuhesabu, kuzitambua namba na kuzilinganisha, na maendeleo hayo yalikuwepo bado wiki tisa baadaye. Wenzao wa ubao wa rangi hawakupiga hatua hiyo. Jambo la kuzingatia ni jinsi walivyosogeza kete: mtoto aliyekuwa kwenye 5 akapata 2 hakusema “moja, mbili”, bali “sita, saba”. Ukicheza na mwanao, sisitiza hilo hilo.

Dhana: Michezo ya namba inawafaa watoto wadogo peke yao.

Chukua dadu mbili za rangi tofauti. Kila mchezaji achague namba moja kuanzia 2 hadi 12, kisha mrushe dadu kwa zamu, na mwenye namba inayolingana na jumla iliyotokea asonge hatua moja. Aliyechagua 12 ataachwa nyuma mara nyingi, naye atalalamika kwamba hana bahati. Usimjibu haraka, mpe kalamu aorodheshe njia zote. Ataona kwamba 12 hupatikana kwa 6 na 6 tu, ilhali 7 ina njia 6 kati ya 36, kwa kuwa 1 nyekundu na 6 nyeupe si sawa na 6 nyekundu na 1 nyeupe. Hapo ameingia kwenye uwezekano, mada inayowasumbua hata wanafunzi wa sekondari, na ameingia kwa hiari yake.

Dhana: Kuhesabu kwa vidole ni dalili ya uzito wa akili.

Si kweli. Vidole ni hatua ya kawaida, na mtoto huviacha mwenyewe anapozimudu jumla kichwani.

Dhana: Mzazi asiyeijua hisabati hana msaada.

Anao, mradi asimwambie mtoto kwamba somo hilo halikuwahi kumwingia. Swali la “umepataje?” linatosha, nalo liulizwe hata jibu likiwa sahihi. Mtoto akieleza kwamba 8 na 7 ni 15 kwa sababu amechukua 2 kutoka kwenye 7 akaijazia 8 ifike 10, mzazi ambaye hajashika kitabu kwa miaka mingi ataweza kumfuata hatua kwa hatua, na pengine kumpa 9 na 6 aijaribu njia ile ile.