Nguo unayoifua usiku ili uivae kesho

Mteja mpya akishakaa, kitu cha kwanza anachofanya ni kutoa simu. "Fundi, nataka mshono kama huu." Naiangalia picha, nasifia panapostahili sifa, kisha namwomba airudishe simu mfukoni. Nimekata na kushona nguo za watu miaka kumi na tisa sasa, na picha ile hunieleza mengi kuhusu aliyepigwa, si kuhusu aliyekaa mbele yangu.

Namwambia akija kupimwa aje na nguo tatu. Asilete zile anazozipenda, alete zile anazozivaa. Wengi hushtuka wakigundua kwamba ni nguo tofauti. Ile tunayoipenda imetundikwa kabatini, bado ina mstari wa pasi ya mwaka jana. Ile tunayoivaa ndiyo tunayoifua usiku na kuianika mbele ya feni ili asubuhi iwe imekauka.

Nguo iliyovaliwa sana husomeka. Naigeuza ndani nje, naanza na kola, nashuka kwapani, viwiko, mifuko, pindo. Mfuko mmoja uliolegea kuliko mwenzake unaniambia mkono gani hutulia humo mtu akiwa na wasiwasi. Kishikizo cha juu ambacho uzi wake bado mpya kabisa maana yake hakijawahi kufungwa, kwa hiyo mtu huyu hapendi kubanwa shingo, hata kama picha yake ilikuwa na tai.

Baba mmoja wa makamo alitaka suti ya kung'aa, imebana kila mahali. Nguo tatu alizoleta zilikuwa mashati ya pamba, rangi za udongo na majani makavu, na yote yalikuwa na mkunjo palepale: vidole vitatu chini ya kiwiko. Nikamuuliza, "Hukunja mikono kila siku?" Akacheka. "Umejuaje, fundi? Mke wangu ananigombeza kwa hilo." Basi nikamwonyesha kwamba mkono wa koti la kwenye picha, kwa jinsi ulivyobana, usingekunjika hata mara moja. Angelivaa harusini, alivue kabla ya keki, basi.

Tulishona koti la kahawia, bega halina sifongo, vishikizo vya mkononi vinafunguka kwelikweli (makoti mengi vishikizo hivyo ni pambo tu), na ndani ya mkono, mahali pa bitana ya kuteleza, nikaweka kitambaa cha pamba ili ukikunjwa usiporomoke. Mtu akimwona hasemi "koti gani hilo!" Anasema amependeza, na hajui kwa nini.

Kwangu mimi mtu kuvaa kama yeye mwenyewe huanzia hapo, kwenye ukaaji wa nguo, kabla hatujagusa rangi wala maua ya kitambaa. Mwaka 1950 jeshi la anga la Marekani lilipima miili ya marubani zaidi ya 4,000. Mtafiti wao kijana, Gilbert Daniels, akachukua vipimo 10, kifua na urefu wa mkono vikiwemo, akatafuta ni wangapi walioangukia karibu na wastani kwa vyote kumi. Hakumpata hata mmoja. Nguo za dukani lakini lazima zikatwe kwa mtu fulani wa kukadiria, haikwepeki, na wewe ukiingia chumba cha kujaribia ukaona zinapwaya begani na kubana nyonga, unatoka ukiulaumu mwili wako. Nimesikia watu wazima wakiniomba radhi kwa ajili ya mabega yao!

Wapo pia wanaodhani kuwa wa pekee ni kwenda kinyume na kila kilichopo. Suruali zikibana wao wanavaa mapana, yakirudi mapana wao wanabana. Georg Simmel, mwanasosholojia wa Ujerumani, aliliona hilo tangu 1904: anayeikataa mitindo kwa makusudi bado inamwongoza, ila yeye anaisoma kinyumenyume. Naongeza la ufundi tu, kwamba watu hawa huchoka haraka na nguo zao kuliko wanaofuata mkumbo. Huleta kufumua kitu ambacho hakijafuliwa mara tano.

Wenye sare au ofisi yenye masharti huniuliza wao wafanyeje. Nafasi ni ndogo lakini ipo: bitana, vishikizo, urefu wa pindo, mfuko wa siri. Sharti halikosi upenyo.

Nguo ikiwa tayari, siwaachi wateja wasimame wima mbele ya kioo wakiwa wamebana pumzi. Hakuna anayeishi hivyo. Nawaambia wakae, wainame kama wanafunga viatu, wanyooshe mkono kama wanashusha kitu kabatini. Natazama uso zaidi ya kitambaa. Mkono ukienda kuvuta pindo chini mara mbili, naichukua nguo narudi mezani, hata mwenyewe akisema "iko sawa tu". Mkono umeshasema haiko sawa.

Yule baba alirudi miezi kadhaa baadaye kupunguziwa suruali, na koti alikuwa nalo mwilini. Mkono wa kulia ulishaanza kupata mkunjo wake, vidole vitatu chini ya kiwiko, na mfuko wa ndani niliomkatia kwa ajili ya miwani ulikuwa umevimba kwa kijidaftari ambacho hakuwahi kunitajia. Nikachukua kadi ya vipimo vyake nikaandika: koti lijalo, mfuko wa ndani, ongeza upana.