Ulinzi wa taarifa za wagonjwa si kazi ya mafundi wa kompyuta peke yao

Hapa Mombasa wengi bado hudhani kulinda taarifa za hospitali ni kazi ya mabingwa wa kompyuta tu. Sivyo. Kweli, Mei 2017 WannaCry, programu iliyofunga mafaili na kudai fidia, ilikwamisha hospitali Uingereza, na mafundi walihitajika. Lakini siku nyingi tatizo huwa dogo, tena la aibu: nywila imeandikwa kwenye kikaratasi, ikabandikwa kando ya skrini pale mapokezi, na kila aliye foleni anaisoma. Hilo karani wa rekodi au muuguzi ataling'amua upesi kuliko mhandisi, maana anajua faili hutoka wapi na humfikia nani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo huziita taarifa za afya nyeti. Kwa hiyo ukiwa karani au muuguzi, kazi hii ni yako pia; mambo ya mitandao ya kompyuta utayasomea polepole.