Kusamehe Usaliti wa Ndoa Si Kuacha Kuuliza
Watu wengi huamini kwamba mwenzi aliyesalitiwa, akishatamka kuwa amesamehe, hapaswi kulitaja tena jambo hilo, na kwamba akiuliza tena, basi msamaha wake ulikuwa wa mdomoni tu. Imani hii, ambayo humwongezea maumivu mtu aliyekwisha kujeruhiwa, haiendani na namna akili inavyopokea mshtuko. Usaliti huvuruga picha nzima aliyokuwa nayo mtu kuhusu maisha yake, hivyo akili hurudi nyuma kuipanga upya miaka iliyopita. Kumbukumbu huzuka ghafla, usingizi hukatika, na maswali yaleyale hujirudia.

Wanasaikolojia wa Marekani Donald Baucom, Douglas Snyder na Kristina Gordon, waliobuni tiba ya wenzi waliofikwa na usaliti, huanza na kukabiliana na athari zake, kisha kuelewa kwa nini ulitokea, ndipo wenzi waamue kusonga mbele, pamoja au kila mmoja kivyake. Aliyekosa, basi, asidai ukimya kama malipo ya toba yake. Akate kabisa uhusiano wa nje, ajibu kwa ukweli na avumilie kuulizwa. Undani wa faragha ya kitandani pekee ndio ningeshauri usichimbwe, kwa kuwa huacha taswira ngumu kufutika.