Tozo ya kaboni mpakani: nondo mbili, bei mbili

Chuma kikiyeyushwa kutoka mawe ya chuma kwa makaa ya mawe, kila tani huacha takriban tani mbili za hewa ukaa. Kikitokana na vyuma chakavu katika tanuru la umeme, kiasi hicho hushuka sana. Dukani, nondo za aina zote mbili hufanana. Umoja wa Ulaya umeamua tofauti hiyo ilipiwe.

Tangu 2005 viwanda vikubwa vya Ulaya vinatakiwa kuwa na kibali kwa kila tani ya hewa ukaa. Ila vya chuma, saruji na mbolea vilipewa vingi bure, kwa hofu kwamba vingehamia kusiko na gharama hiyo. Hofu ilikuwa ya haki, lakini kwa maoni yangu dawa yake ilizubaisha wagonjwa: matanuru ya makaa yakabaki yalipokuwa.

Sasa vibali vya bure vinaondolewa, na tozo ya mpakani inashika nafasi yake: anayeingiza chuma Ulaya kutoka nje hulipia hewa ukaa iliyotoka kikitengenezwa. Tangu 1 Januari 2026 deni la mwagizaji linahesabiwa. Mwaka huo vibali vya bure vinapunguzwa kwa asilimia 2.5 tu, 2030 itakuwa asilimia 48.5, na 2034 havitakuwepo. Tuseme kibali ni euro 80: tani ya chuma cha makaa itadaiwa kama euro 160 mwaka huo wa 2034.

Wengi huiita tozo hii ushuru wa forodha. Lakini bei ya kaboni iliyokwisha lipwa kwenye nchi ya kiwanda hukatwa kwenye deni. Kwa hiyo serikali ya huko huchagua: fedha ikusanywe nyumbani, au iende Ulaya. Si ajabu Uturuki na India zinajenga masoko yao ya kaboni, yaani ya vibali vya hewa ukaa.

Mianya ipo. Chuma cha Ujerumani kikiuzwa Misri, mtengenezaji harudishiwi gharama ya vibali vyake, na huko anashindana na asiyelipa chochote. Orodha ya kwanza ya bidhaa nayo iligusa bamba la chuma, ikaacha mashine ya kufulia iliyotengenezwa kwa bamba hilohilo.

Kubwa zaidi kwa Afrika ni hili: kwa aluminiamu na chuma, tozo huhesabu hewa itokayo kiwandani, si ile ya kuzalisha umeme ambao kiwanda kimenunua. Kiwanda cha aluminiamu kinachonunua umeme wa maji hakipati nafuu yoyote juu ya kinachonunua umeme wa makaa ya mawe.