Kumbukumbu pepe si diski

Kwa mara nyingine tena, katika kusahihisha majibu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nimekutana na sentensi ileile: kumbukumbu pepe ni sehemu ya diski inayotumika RAM, yaani kumbukumbu kuu ya kompyuta, inapojaa. Sentensi hiyo inaeleza kitu kingine, yaani eneo la diski ambalo mfumo endeshi huhamishia kurasa (vipande vya kumbukumbu vyenye ukubwa sawa) zisizohitajika kwa sasa, na anayeanza na kosa hilo hupata taabu kuelewa jinsi michakato, yaani programu zinazoendeshwa, inavyolindwa isiingiliane.

Kumbukumbu pepe ni tafsiri ya anwani. Kila mchakato una anwani zake, na prosesa inapotaka kusoma au kuandika, maunzi huigawa anwani husika: katika mfumo wa biti 32 wenye kurasa za baiti 4,096, biti 20 za juu hutaja ukurasa na biti 12 za chini hutaja mahali ndani yake, kisha jedwali la kurasa la mchakato huo huonyesha ukurasa ulipo katika RAM. Mpaka hapo diski haijahusika.

Asiyesadiki azime eneo la kuhamishia kurasa, kisha aandike programu fupi ya C kwenye Linux: aweke 5 katika kigeu x, aite fork, inayozaa mchakato mtoto ulio nakala ya mzazi, mchakato mtoto uandike 9 katika x, halafu mzazi na mtoto wachapishe anwani ya x na thamani yake. Anwani zitafanana hadi tarakimu ya mwisho, ilhali mzazi ataonyesha 5 na mtoto 9. Mahali pamoja katika RAM hapawezi kushika thamani mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo anwani hiyo moja inaelekea mahali pawili.

Na si hayo tu. Mara baada ya fork, majedwali yote mawili yalielekea ukurasa uleule, uliozuiwa usiandikwe. Mchakato wa kwanza kuandika ndio uliozusha hitilafu ya ukurasa, yaani maunzi yaliusimamisha na kuuita mfumo endeshi, nao ukaunakili ukurasa huo papo hapo. Jina "hitilafu" linapotosha sana, kwa kuwa hakuna kilichoharibika, wala hakuna kilichosomwa kutoka diskini.

Hata hivyo, kuna jambo linalonitatiza. Kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa Manchester mwaka 1962, ilileta kurasa kwa lengo hasa la kuifanya kumbukumbu kuu na ngoma ya sumaku (hifadhi iliyofanya kazi ya diski wakati huo) vionekane kama hifadhi moja. Kwa hiyo wanaotaja diski wanagusa sababu iliyozaa wazo lenyewe, ingawa tafsiri ya anwani ndiyo iliyofanya kazi hiyo iwezekane. Jibu linaloishia kwenye diski hupata alama moja kati ya nne, na kila ninapoiandika hiyo moja mkono wangu husita.